Maji Hupita Ukingoni: Majibu kwa Wanaojenga Vizimba vya Nyoka

Barua za safari hii zimekuja na vumbi la mbao. Wasomaji wengi wanajenga vizimba vya nyoka kwa mikono yao, na wengine wameshajenga na sasa ubao umevimba, vanishi inabanduka, au kizimba kinanuka wiki ya tatu mfululizo. Tumechagua barua nane. Karibu zote zina kosa moja: mjenzi ameutunza uso wa ubao, kumbe maji yamepita ukingoni, kwenye maungio na kwenye matundu ya skrubu.

Chipubodi, plaiwudi au PVC?

SWALI: Nina chatu wa kifalme anayekaribia kukomaa. Nataka kumjengea kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Fundi mmoja ananishauri chipubodi nyeupe, mwingine plaiwudi, na mfugaji mwenzangu anasema nisiguse kitu kingine ila bodi za plastiki ya PVC. Nimsikilize nani?

JIBU: Anza na nyoka, bodi ifuate. Chatu wa kifalme, Python regius, anataka unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 80, na matandiko yake hukaa na unyevu mwezi baada ya mwezi. Ungekuwa unafuga nyoka wa mahindi, anayetosheka na asilimia 40 hadi 60, karibu bodi yoyote iliyozibwa kwa uangalifu ingekufaa. Kwa chatu wako uvumilivu wa bodi ni mdogo zaidi.

Chipubodi yenye ngozi ya melamini ina uso mzuri: laini, unafutika, haunywi maji. Ndani ya ngozi hiyo ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwa kawaida ya yurea-fomaldehaidi. Chembe zikinywa maji huumuka, na zikishaumuka hazirudi. Kwa hiyo kila ukingo uliokatwa na kila tundu ni mlango wa maji. Ni nzito pia: kizimba cha vipimo vyako kwa bodi ya milimita 18 kitafika kilo 35 hivi kabla ya kioo. Ukiichagua, tafuta yenye alama ya E1, maana yake imepimwa na kuonekana kutoa gesi kidogo ya fomaldehaidi. MDF tupu, yaani bodi ya nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, tunaikataa kabisa kwa nyoka wa unyevu. Hunywa maji kama sifongo.

Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa urefu wa sentimita 120, na kizimba kitakuwa na kilo 20 hivi. Matabaka yake yaliyopishana huifanya isipinde ovyo, nayo hushika skrubu vizuri. Chagua iliyogandishwa kwa gundi ya kuhimili maji, ile inayouzwa kwa kazi za nje au za mashua. Lakini elewa kwamba gundi ndiyo inayohimili maji. Mbao zenyewe bado zinakunywa, hivyo lazima upake.

Bodi ya PVC, ile nyepesi yenye vinyweleo vya hewa ndani, haiozi, haivimbi na haihitaji vanishi. Udhaifu wake ni joto. Huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na dari iliyo juu ya balbu isiyo na nafasi itashuka tumbo. Skrubu zake nazo hulegea zikifunguliwa mara mbili tatu, kwa hiyo maungio yake huunganishwa kwa gundi ya PVC, inayoyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja.

Hukumu yetu: mwenye vifaa vya kukata na subira ya kupaka, achukue plaiwudi. Asiyetaka kupaka, na anayeweza kulipia, achukue PVC. Chipubodi iwe ya nyoka wa mazingira makavu.

Kama ni plaiwudi, bamba moja la sentimita 244 kwa 122 linakutosha. Kata vipande vinne vya 120 kwa 60. Vitatu ni sakafu, dari na mgongo. Cha nne kikatwe kutoa mbavu mbili za sentimita 60 kwa 57.6, maana unene wa sakafu na dari unakula sentimita 2.4 za kimo. Kizingiti cha mbele hakitatoka kwenye bamba hilo. Tafuta kipande kingine, kimo cha sentimita 10 hadi 15, ili kishike matandiko.

Vanishi gani, mikono mingapi?

SWALI: Plaiwudi ninayo tayari. Dukani nimeoneshwa vanishi ya mafuta, ya maji, na epoksi ya makopo mawili. Nipake ipi, na nipake kabla au baada ya kuunganisha?

JIBU: Tumia vanishi ya poliyurethani ya maji kwenye kuta na dari, na epoksi sakafuni pamoja na sentimita 15 za chini za kila ukuta. Vanishi ya mafuta ni ngumu na nzuri, ila harufu yake hutoka taratibu mno. Nyoka hana kiwambo kinachomwezesha kukohoa kwa nguvu. Kilichoingia mapafuni mwake kinatoka kwa shida. Hatuoni sababu ya kumwekea mzigo huo wakati ya maji ipo.

Paka kabla ya kuunganisha. Ubao ukiwa umelala, vanishi hailii machozi na kingo zote unazifikia. Utaacha tu mistari inayopokea gundi: funika kwa utepe wa karatasi upana wa milimita 12 pale mbao zinapokutana, kwa sababu gundi ya mbao haishiki juu ya vanishi.

Kazi inakwenda hivi. Piga msasa namba 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke. Jaza matundu na nyufa za kingo kwa puti ya mbao. Koroga vanishi taratibu; ukiitikisa kopo unaingiza mapovu ambayo yatabaki kama vitobo vya sindano, na kila kitobo ni njia ya maji. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, utasimamisha nyuzi za mbao na uso utakwaruza kama shavu lisilonyolewa. Ndivyo inavyotakiwa. Ukikauka, saa mbili hadi nne kwa vanishi nyingi, piga msasa laini namba 240, futa, paka wa pili. Rudia hadi minne. Kingo ziongezee miwili zaidi, kwa kuwa pale nyuzi zimekatwa vichwa na zinanyonya kama mirija.

Hesabu ya vanishi: ndani ya kizimba chako kuna karibu mita 2.9 za mraba. Mikono minne ni mita 11.6, na lita moja hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Nunua lita mbili upate na za nje. Usiache nje bila chochote: ubao uliozibwa upande mmoja tu hunywa unyevu upande wa pili na kupinda.

Epoksi ina nidhamu yake. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, uwe 1:1 au 2:1, na angalia kama ni wa uzito au wa ujazo. Kuongeza kigandishi, lile kopo la pili, ili ikauke haraka hakusaidii. Kinachozidi hakipati mwenzake wa kuungana naye, na uso unabaki unanata daima. Paka jioni, ubao unapopoa. Ubao unaopata joto hutoa hewa yake ndani ya epoksi mbichi na kukuachia mapovu. Unaopoa huivuta epoksi ndani. Kabla ya mkono wa pili, osha uso kwa maji na sifongo kisha piga msasa, kwani epoksi nyingi huacha utando wa nta unaozuia mkono unaofuata kushika. Vaa glavu na barakoa. Vumbi la epoksi ambayo haijakomaa huleta mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki.

Silikoni inabanduka

SWALI: Niliunganisha kizimba, nikatia silikoni kwenye pembe zote, kisha nikapaka vanishi juu ya kila kitu. Sasa vanishi inachubuka kando ya pembe na silikoni nayo inang'oka kwa ukucha.

JIBU: Umegeuza mpangilio. Hakuna kinachoshika juu ya silikoni: si rangi, si vanishi, na hata silikoni mpya juu ya ile kuukuu hushika kwa shida. Kwa hiyo silikoni hutiwa mwisho, vanishi ikiwa imekomaa. Vanishi mbichi nayo huiachia silikoni, na tunahisi hilo ndilo lililong'oa yako.

Kata silikoni yote kwa wembe, kwangua mabaki, piga msasa sentimita mbili kila upande wa pembe, futa kwa spiriti. Paka vanishi upya mikono mitatu na usubiri hadi ikomae, wiki mbili hadi nne kwa ile ya maji. Kisha bandika utepe milimita 6 kila upande wa pembe, mimina silikoni mfululizo bila kuinua mkono, ipitishe kidole kilicholowa maji ya sabuni mara moja tu, na ubandue utepe papo hapo kabla ngozi haijaganda. Kurudia kupapasa ndiko kunakoacha mabonde.

Mrija mmoja wa mililita 310 hutosha pembe zote za kizimba cha sentimita 120, ambazo jumla ni mita 9 na ushei. Soma maandishi: iwe silikoni asilimia 100, na isiwe ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuua kuvu. Ile ya matangi ya samaki ni salama. Inayonuka siki haina ubaya, siki hiyo ni asidi inayotoka wakati inaganda na itaisha yenyewe. Iepushe tu na shaba na mabati, maana inavila. Silikoni hukomaa kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku, na inahitaji unyevu wa hewa kufanya hivyo. Ukiifungia ndani ya kizimba kilichofungwa huku balbu inawaka, ngozi itakauka na kiini kitabaki uji.

Faida ya pili ya pembe zilizozibwa huonekana siku utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis, ukiingia. Wadudu hawa hujificha na kutaga kwenye nyufa. Kizimba kisicho na ufa unakisafisha mara moja ukamaliza. Chenye nyufa utakuwa unapigana nao miezi.

Mbao za paleti na mierezi

SWALI: Naweza kutumia mbao za paleti? Na je, mwerezi, ambao watu husema hauozi?

JIBU: Mwerezi hapana, wala mbao yoyote inayonukia kwa mafuta yake. Kinachouzuia usioze ndicho kinachoumiza njia ya hewa ya nyoka, hasa kwenye sanduku lenye joto. Msonobari uliokaushwa tanurini na kuzibwa hauna neno.

Paleti za usafirishaji wa kimataifa hupigwa mhuri chini ya ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wanaosafiri ndani ya mbao. Herufi HT ni kwamba zimetibiwa kwa joto. MB ni kwamba zimefukizwa kwa methaili bromaidi, gesi yenye sumu. Hizo za MB achana nazo. Hata zenye HT, hujui zilibeba nini na kilimwagika nini. Zitumie kwa miguu ya kusimamishia kizimba. Mbao kuukuu za kijani kibichi zilizotibiwa dhidi ya mchwa zinaweza kuwa na mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Marekani iliacha kuzitibu hivyo kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao za enzi hizo bado zinazunguka. Hazifai hata kwa nje ya kizimba.

Kizingiti kimevimba

SWALI: Kizimba changu ni cha chipubodi ya melamini. Baada ya miezi minne kizingiti cha mbele kimevimba chini ya reli ya kioo, na vioo havitelezi tena. Pembe zote nilitia silikoni.

JIBU: Pembe ulizitia, ila chini ya reli je? Unaponyunyiza maji, matone hutiririka kwenye kioo na kutuama ndani ya reli ya chini. Reli yenyewe imebandikwa juu ya ukingo uliokatwa wa chipubodi, na mara nyingi imepigwa skrubu ndogo mbili tatu. Umeweka mfereji wa maji juu ya sehemu dhaifu kuliko zote.

Kipande kilichovimba hakiponi. Ng'oa reli, fungua kizingiti, weka kipya cha PVC au plaiwudi iliyopakwa epoksi pande zote sita. Kama lazima kirudi chipubodi, paka ukingo epoksi mikono miwili kabla ya kuweka reli. Bandika reli kwa silikoni bila skrubu, kisha ziba ncha zake mbili na mstari wake wa ndani. Kagua pia tundu la waya na matundu ya hewa. Kila unapotoboa, umezaa ukingo mpya: pakaa epoksi ndani ya tundu kwa brashi ndogo ndipo uweke kifuniko.

Kuanzia sasa nyunyizia matandiko, kioo kiache kikavu.

Milango ya akriliki imepinda

SWALI: Niliweka milango ya akriliki, ile plastiki angavu, ya milimita 3 kwa sababu ni myepesi. Sasa imeingia tumbo na kati ya milango miwili kidole kinapita.

JIBU: Upande wa ndani unapata joto na unyevu, unarefuka kuliko wa nje, na bamba linapinda kuelekea ndani. Kwa joto peke yake, akriliki hurefuka karibu milimita 0.7 kwa kila mita nyuzi zikipanda 10. Kioo hurefuka chini ya theluthi moja ya hapo.

Badilisha uweke kioo cha milimita 4, kingo zikiwa zimesagwa. Vioo viwili vipishane sentimita 3 hadi 5 katikati. Reli ya juu lazima iwe na kina kikubwa kuliko ya chini, ili uinue kioo, ukiingize juu, kisha ukishushe chini. Pima kimo cha nafasi kati ya reli mbili, ukijumlisha kina cha reli ya chini na nusu ya kina cha ile ya juu. Ukitaka kioo kilichoimarishwa kwa moto, toa vipimo kamili, kwa sababu kikishaimarishwa hakikatiki wala hakitoboki. Weka kufuli la vioo vya maonesho. Nyoka husukuma kwa pua usiku kucha, na kichwa kikipita, mwili unafuata.

Ukibaki na akriliki, iwe ya milimita 6, na usiifute kwa spiriti. Huipasua nyufa ndogondogo kama utando wa buibui.

Nikiziba kila mahali, nyoka apumulie wapi?

SWALI: Je, kuziba sana hakumkoseshi nyoka hewa?

JIBU: Kuziba ni kwa ajili ya maji, matundu ya hewa unayapanga mwenyewe. Weka la chini upande wa baridi na la juu upande wa joto, kila moja kipenyo cha milimita 50 likiwa na kifuniko cha alumini. Hewa ya moto itapanda na kuvuta mpya. Ukungu ukikaa kwenye kioo mchana kutwa, ongeza tundu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 60 kila alasiri, ziba nusu ya tundu moja kwa utepe. Wavu wa waya usiuweke pale pua inapofika, nyoka huusugua hadi atoke kidonda.

Lini aingie?

SWALI: Vanishi inasema imekauka baada ya saa mbili. Nimwingize kesho?

JIBU: Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Baada ya saa mbili unaweza kuigusa. Kukomaa kwa poliyurethani ya maji huchukua wiki mbili hadi nne, epoksi kama siku saba, silikoni wiki moja kwa usalama. Acha milango wazi muda wote huo.

Halafu jaribu. Weka karatasi kavu chini ya kizimba, mimina lita moja ya maji sakafuni, kiinamishe kila pembe kwa zamu na ukiache saa 24. Karatasi ikilowa, fuatilia doa, kausha, ziba. Kikipita, kifute, funga taa yenye kikinga cha wavu ambacho nyoka hawezi kujizungushia, iunganishe na thamostati, yaani kidhibiti joto, na uwashe siku tatu. Upande wa joto ukae nyuzi 31 hadi 33, wa baridi 25 hadi 27. Gusa dari juu ya taa: kama mkono hauvumilii, sogeza taa chini au weka bamba la alumini katikati ukiacha nafasi ya hewa.

Usiku wa tatu funga kila kitu kwa muda wa saa 12, kisha fungua na uingize kichwa. Ukisikia harufu yoyote ya rangi au siki, rudisha milango wazi wiki nyingine huku taa ikiwaka, maana joto huharakisha kutoka kwa mvuke. Rudia hadi usisikie kitu.

Nyoka akishaingia, kila mwezi inua matandiko kwenye pembe iliyo karibu na bakuli la maji na ubonyeze sakafu kwa ukucha. Pakibonyea, au vanishi ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, mhamishie kwenye sanduku la muda, kausha ubao kwa feni angalau wiki moja, piga msasa hadi mbao safi na upake upya kipande hicho, ukianzia ukingoni.